Msomaji mwenye kisu mkononi

Jumamosi jioni, Uyole. Umeme umerudi, kwa hiyo nimefungua kompyuta kuangalia nani anasoma nini kwenye blogu yangu.

Makala ya kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunga kikonyo cha mti mzuri juu ya mche mwingine, bado inaongoza, hata kwa miezi ambayo sikuandika neno. Insha yangu ya reli ya TAZARA, niliyoihangaikia usiku mwingi, ilisomwa wiki ile nilipoituma kwenye magrupu ya WhatsApp, kisha kimya. Sishangai tena. Anayetafuta namna ya kubebesha ana miche kitaluni na vikonyo alivyokata asubuhi vinanyauka. Hakuja kunisikiliza mimi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoanza maelekezo kwa "Parachichi ni zao muhimu la biashara nchini". Anajua! Asingejua asingenunua miche. Mimi naanza na kisu: kiwe kikali, kiwe kisafi, mkato uwe mmoja usio na mikwaruzo. Utando wa kijani ulio chini ya ganda la kikonyo ugusane na ule wa mche, walau upande mmoja, kisha funga nailoni kwa kukaza ili maji yasiingie. Picha ni za mikono yangu mwenyewe, nimezipunguza uzito, maana mtu mwenye bando la jero hawezi kusubiri picha nzito ifunguke akiwa Rungwe bondeni.

Sababu zinakuja baadaye. Mbegu ya Hass, aina ya parachichi, ukiipanda haikupi Hass, inakupa mti wa aina nyingine, na huo utakusubirisha miaka mingi. Wa kubebesha huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi.

Makala zilizofuata sikuzibuni kichwani, zilitoka kwenye maswali. Mama mmoja wa Tukuyu alinipigia: "Mwanangu, mti umejaa maua mpaka unapendeza, matunda ya kuhesabu. Nimekosea wapi?" Hajakosea popote. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, likafunga, kesho yake mchana likafunguka tena likiwa dume. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, huenda kinyume: jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Baridi yetu huweza kuivuruga ratiba hiyo, lakini ukichanganya miti ya aina zote mbili shambani na nyuki wakawepo, unajiongezea nafasi ya ua jike kupata chavua ya ua dume. Kichwa cha makala nilikiandika karibu na alivyouliza mwenyewe: "Parachichi lina maua mengi, kwa nini halizai?" Wenzake wanaiuliza simu vilevile.

Mwishoni mwa makala hiyo, baada ya kazi yote kuelezwa, nilijiruhusu hadithi. Rudolph Hass alikuwa mtu wa posta huko California. Mche uliomwotea ulikuwa wa mbegu tu, akausajili mwaka 1935. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002. Lakini kila Hass iliyoko Rungwe au Njombe ni kijiti kilichokatwa kwenye kijiti kilichokatwa, hadi kwenye ule mti. Yule mama alinipigia tena kuhakikisha. "Kwa hiyo huu wangu ni kipande cha mti wa yule wa posta?" Ndiyo, mama. Akacheka sana, na nadhani aliisambaza kwa kanisa zima, maana wasomaji wa Tukuyu waliongezeka ghafla.

Hapo hadithi hiyo, insha ndogo ya Hass, ilipata watu ambao peke yake isingewapata. Ilisubiri hadi kisu kiwekwe chini.

Ya TAZARA lakini siigusi. Nimeshauriwa niifanye "Mambo 7 usiyoyajua" na nimekataa. Hakuna aliyekwama na reli mikononi, anayeisoma anaisoma kwa kupenda, na hao wachache wananitosha.

Wiki ijayo ni viazi. Dereva wa bajaji wa Mwanjelwa, mwenye nusu eka huko kwao, anataka kujua kwa nini mbegu aliyoihifadhi mwenyewe inazaa vidogo kila msimu. Nimemwomba anitumie picha za majani kwanza.