Chupa Sita na Kaskazi Tatu: Nilivyojifunza Kujua Mvinyo Umeiva

Desemba 2012, siku ya harusi yetu, bosi wangu wa wakati ule alitupa chupa ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa. "Msiifungue leo," alisema. "Itunzeni, kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga." Tukatii. Tukaisimamisha juu ya kabati la nguo kama sanamu ya mtakatifu, na kila tulipohama, kutoka Tabata kwenda Sinza, kutoka Sinza kwenda Mbezi, ilisafiri nasi imeviringishwa kwenye kanga.

Tuliifungua mwaka 2019, tukitimiza miaka saba ya ndoa, mbele ya wageni. Kizibo kilikatikia katikati, nusu ikabaki imezama shingoni. Mvinyo wenyewe ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na ulinuka zabibu kavu zilizochemshwa. Mama mkwe ni mtu wa Moshi, anajua mbege ya leo na mbege ya juzi kwa kunusa tu. Alionja tone, akairudisha glasi mezani polepole.

"Baba, hii si ya kunywa. Hii ni ya kachumbari."

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini iliniuma. Miaka saba nimebeba siki kwenye kanga.

Nilimpigia mjomba wangu, ambaye alihudumu mezani kwenye hoteli za kitalii hapa mjini kwa zaidi ya miaka ishirini na sasa amestaafu Kigamboni. Nilitarajia aniulize jina la mvinyo au mwaka wa mavuno. Aliuliza kitu kimoja: "Ilikuwa inalala wapi?" Nilipomwambia juu ya kabati, akaguna kama daktari aliyeletewa mgonjwa jioni mno.

Alichonieleza siku ile ndicho kilichobadilisha kila kitu. Mvinyo hupenda kulala mahali penye nyuzi 12 hadi 15 hivi, gizani, bila kupanda na kushuka. Chumba changu cha chini ya bati, Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, kinapita 30 mchana na usiku hakipoi sana. Joto huharakisha kila kinachotokea ndani ya chupa, na si kuharakisha tu, linakipotosha pia. Mvinyo hutanuka ukasukuma kizibo, hewa ikapata njia. Na kwa kuwa chupa ilisimama wima, kizibo hakikuguswa na mvinyo, kikakauka na kusinyaa. Ndiyo maana kilikatika. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye lebo, hapa Dar, ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni chumba.

(Wapo waliougeuza mkosi huo kuwa kazi. Mvinyo wa kisiwa cha Madeira, cha Wareno, hupashwa joto makusudi, kwa sababu zamani mapipa yaliyovuka tropiki ndani ya majahazi makubwa yalifika yakiwa matamu zaidi. Lakini ule huongezwa pombe kali ili uhimili. Wangu haukuongezwa kitu.)

Jambo la pili alilosema liliniumiza zaidi: mvinyo mwingi unaouzwa duniani hautengenezwi ili utunzwe. Umekusudiwa kunywewa ndani ya mwaka mmoja, miwili, labda mitatu. Inayofaa kulazwa muongo mzima ni michache, kama mizuri ya Bordeaux kule Ufaransa au Barolo kule Italia. Ushauri wa "itunze itanoga" watu huutoa kwa kila chupa yenye lebo ya dhahabu.

Nilianza na mdomo wangu, kwa sababu nilikuwa sijui ninachotafuta. Mjomba alinikataza hata kununua chupa. Alinituma nikatafute bibo, nikakamue ukwaju, na niache chai ya rangi kwenye majani hadi ipoe. Nikaonja kimoja kimoja. Ukwaju hutoa mate pembeni ya ulimi. Huo ni uchachu. Bibo na chai iliyokaa hukausha fizi na kukwangua ulimi. Huo ni ukakasi. Miaka yote nilikuwa naviita vyote viwili "ukali", na mtu anayeviita jina moja hawezi kujua mvinyo mwekundu umefikia wapi. Ukakasi hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye pipa la mti. Kadiri muda unavyopita, chembe zake huungana, nyingine zikazama chini kama machicha, na mvinyo ukalainika. Uchachu hauondoki hivyo. Ndiyo maana mvinyo uliozeeka vibaya huchacha waziwazi: tunda limekufa, uchachu umebaki peke yake nyumbani.

Juni 2021 nikanunua chupa sita za aina moja, mvinyo mwekundu wa zabibu ziitwazo Cabernet Sauvignon, kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini, mavuno ya 2019. Si ya bei ya chini kabisa, wala si ya kuuza kiwanja. Nikanunua na friji dogo la mtumba, nikaliweka kwenye ubaridi wa chini kabisa. Kipimajoto kilicheza kati ya 10 na 13. Mama watoto aliuliza kama sasa pombe ina chumba chake. Nikasema ndiyo.

Chupa ya kwanza tuliifungua wiki ileile. Nilimwaga kidogo kwenye glasi, nikaiinamisha juu ya kitambaa cheupe. Ukingoni rangi ilikuwa ya zambarau kabisa, ile inayobaki kwenye ulimi wa mtoto aliyetoka kupanda mti. Harufu ilikuwa ya tunda na mbao, tena kwa mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Mdomoni, bibo tupu. Nikafanya jaribio la mjomba: nikanywa theluthi, nikarudisha kizibo, nikaweka kwenye friji, nikaonja kesho yake na keshokutwa. Siku ya pili ulikuwa mzuri zaidi. Siku ya tatu harufu ilitoka nyuma ya mlango, ukakasi ukapungua. Mvinyo unaopendeza baada ya kukutana na hewa bado una safari. Unaochoka siku ya kwanza tu, ndugu zake wanywewe sasa hivi. Si kipimo cha maabara, lakini kwangu hakijanidanganya sana.

Chupa ya pili niliitoa sadaka. Niliirudisha juu ya kabati palepale, nikaiacha kaskazi nzima ya 2022 iipitie. Aprili, mvua za masika zimeanza, nikaifungua pamoja na ya tatu kutoka kwenye friji. Kizibo cha kabatini kilikuwa kimepanda milimita kadhaa, na chini ya kifuniko palikuwa na mchirizo uliokaukia. Ukingo wa rangi ulishaelekea kwenye tofali. Harufu: zile zabibu zilizochemshwa, nikazitambua kama sauti ya mtu aliyewahi kunidhulumu. Ya frijini bado ilikuwa kijana, zambarau na bibo. Mvinyo mmoja, duka moja, siku moja ya kununuliwa. Miezi kumi tu.

Katikati ya hayo nilijifunza mambo madogo kwa kukosea. Nilinywa mvinyo mwekundu ukiwa na joto la sebuleni kwa sababu nilisoma kwamba hunywewa "kwa joto la chumba". Chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18, si changu. Kwa nyuzi 30 pombe hupanda puani na kila mvinyo huonekana umechoka. Sasa naweka chupa kwenye friji la kawaida nusu saa kabla ya kumimina. Na kuna chupa moja ya ugenini niliyoihukumu kuwa imezeeka kumbe ilikuwa na kasoro ya kizibo; harufu ya boksi lililolowa mvua. Hiyo haina uhusiano na umri. Hata mvinyo wa mwaka jana unaweza kuwa nayo, na hakuna kusubiri kunakoiponya.

Nilijaribu pia ya nyumbani. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ule mwekundu wa zabibu za Makutupora naupenda ukiwa mchanga, umepozwa kidogo, na mbuzi wa kuchoma. Chupa kadhaa nilizonunua hazikuwa na mwaka wa mavuno, kwa hiyo sina cha kuhesabu: nanunua kwenye duka lenye mauzo ya haraka, nakwepa zilizopangwa dirishani zikiota jua, nakunywa mwezi uleule. Mvinyo mweupe wa huko, wa zabibu ziitwazo Chenin Blanc, nao ni hivyohivyo. Rangi ikianza kugeuka dhahabu iliyokolea, nimechelewa.

Chupa ya nne ilifunguliwa Desemba 2022, miaka kumi ya ndoa. Ilikuwa nzuri lakini fizi bado zilikauka. Nilikuwa na haraka, nakiri. Usiku mmoja kabla yake umeme ulikatika saa nyingi nikalala nimelifunika friji mablanketi kama mtoto mwenye homa.

Ya tano nilisubiri hadi Desemba 2024. Mama mkwe alikuja. Nilimimina kwanza yangu, nikainamisha juu ya kitambaa. Katikati wekundu, ukingoni tofali laini. Harufu haikuwa ya tunda peke yake tena. Palikuwa na tumbaku, majani makavu, kitu kama ngozi ya mkoba mpya. Ukakasi ulikuwepo, lakini kama mkono wa mtu aliyekuzoea. Nilipomeza nikahesabu kimoyomoyo: ladha ilikaa hadi kumi na mbili. Nikamimina kwa wote. Mama mkwe alinusa kama anavyonusa mbege, akanywa, akanyamaza, kisha akasogeza glasi mbele.

"Ongeza kidogo, baba. Na kachumbari muandae tu kwa ndimu."

Niliacha kiasi kidogo kwenye chupa. Asubuhi ulikuwa bado mzuri. Siku ya tatu nikampigia mjomba.

"Enhe, leo ukoje?"

"Umelegea. Tunda limeanza kupotea."

"Umebakiza ngapi?"

"Moja."

"Basi isivuke Pasaka," alisema. "Na mimi nije siku hiyo."