Kasa wa ndara

Jamani, kasa wangu amekamilika! Ni ndara tupu, zile zinazoletwa na maji hapa Lamu kusi likivuma. Kwanza naziosha kwa sabuni ili chumvi na mchanga vitoke, la sivyo gundi haishiki. Nazianika kivulini (juani zinajikunja), nazibandika moja juu ya moja mpaka nipate gogo, kisha nalikandamiza kwa mawe usiku kucha.

Halafu kisu. Hapo ndipo raha ilipo: ukikata mshazari, rangi zinajitokeza mistari mistari, buluu, waridi, kijani, na gamba la mgongoni linajichora lenyewe. Msasa humalizia, ila vumbi lake si mchezo, jifunge kitambaa puani. Macho ni vizibo vya soda.

Tangu Flipflopi, lile dau lililojengwa huku kwetu kwa plastiki chakavu na kuvishwa ndara kama 30,000, lisafiri mpaka Unguja mwaka 2019, kuniita mwokota taka kumepungua. Mama mkwe tu ndiye bado anauliza: hao wenye mguu wa pili wako wapi?