Mama mkwe hayumo

Watu wakisikia habari ya siri ya mgonjwa, mawazo hukimbilia mdomo wa nesi. Sikatai, midomo ipo. Lakini kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, imenionyesha siri zinavyovuja bila mtu kufungua kinywa. Benchi letu liko peke yake karibu na stoo, linatazamana na njia ya sokoni. Ukikaa pale siku ya kliniki, mtaa umeshajua. Kopo la ARV, dawa za kufubaza virusi, nalo hulia kama kayamba ndani ya pochi, ndiyo maana wateja wengi huhamishia vidonge kwenye karatasi kabla ya kufika getini. Kitaalamu dawa ibaki kwenye kopo lake isipate unyevu. Huwaambia hivyo, kisha nawapa pamba wajazie.

Juzi alinijia mama mmoja jirani, tunachota maji bomba moja. Nikamwamkia. Hakuzunguka: "Sista, mke wa mwanangu anameza nini kila usiku saa tatu? Mjukuu namlea mimi."

Nikamjibu, "Mama, hata lako ukiniambia leo, yeye hatalisikia kwangu." Aliondoka amenuna, na bombani bado hatujachangamkiana.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inasema majibu ni ya aliyepimwa, halafu inataja wachache wengine wanaoweza kupewa. Mwenza yumo. Mama mkwe wa mtu mzima hayumo, hata kama ndiye anayelipa nauli ya kliniki. Nikimwambia, nimetenda kosa mbele ya sheria, na Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo lina la kuniuliza kuhusu leseni.

Kwa mama mkwe basi kazi ni nyepesi. Kwa mume ndiko kugumu. Sheria hiyohiyo inamtaka aliyekutwa na virusi amweleze mwenza wake mara moja, na neno hilo "mara moja" ni jepesi kulisoma ofisini. Mbele yangu anakuwa binti mjamzito asiye na kipato, anayejua akisema usiku huu kesho ana begi barabarani. Wenzangu wengine humwita mume, wakawapima wote wawili kana kwamba mke hajawahi kupimwa. Huo mchezo siupendi. Siku mume akiikuta kadi yenye tarehe ya zamani, mke anaonekana mwongo na mimi shahidi wake wa uongo. Bora aseme mwenyewe, nami nikiwa chumbani kujibu maswali. Swali linalorudi sana ni la mtoto: atazaliwa salama? Hapo nina cha kusema, maana mama akimeza dawa vizuri virusi vikafubaa, uwezekano wa mtoto kuambukizwa unakuwa mdogo sana.

Mganga mfawidhi tumemwomba mawili: wagonjwa wa presha na kisukari wahudumiwe siku moja na wetu, na benchi lihamie ndani. La kwanza amelikubali. La benchi linasubiri fedha za kupanua korido.