Masaaki Yuasa: mistari michache, mwendo mwingi

Simamisha filamu ya Masaaki Yuasa, mwongozaji wa katuni wa Japani, katikati ya tukio lolote la mbio au ngoma, na huenda ukakuta picha mbaya. Mkono mrefu kuliko mwili, uso umebondeka kama embe lililoanguka usiku, jicho moja limepanda juu ya jingine. Ukiiachia iendelee, picha ileile inakuwa mtu anayekimbia, mwenye uzito na pumzi. Wanaosema hajui kuchora wanamtazama akiwa amesimama. Yeye kila mchoro anauchora kwa sababu ya ule unaoufuata.

Amezaliwa 1965 huko Fukuoka, kisiwa cha Kyushu, akasomea sanaa Chuo Kikuu cha Kyushu Sangyo, kisha akaingia studio ya katuni ya Ajiado kama mchoraji wa kawaida kabisa. Jina lake likaanza kutajwa na wenzake kwenye katuni ya televisheni ya Chibi Maruko-chan, ambayo alichora utangulizi wake mwaka 1990, na baadaye kwenye Crayon Shin-chan, iliyoanza 1992. Watu huzipita kazi hizi haraka ili wafike kwenye filamu zake kubwa. Ni kosa, kwa maana mtindo wake wote umetokea humo.

Tazama hesabu yake. Filamu ina fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Kwenye katuni za televisheni za Japani mara nyingi mchoro mmoja hushikiliwa fremu tatu, yaani michoro 8 kwa sekunde. Mwendo ukitakiwa kuwa laini zaidi, fremu mbili, yaani michoro 12. Sasa chukua mhusika mwenye mistari 60, na nywele zake, mikunjo ya nguo, vivuli viwili vya shavuni. Kwa michoro 12, sekunde moja ya mhusika huyo ni mistari 720. Mhusika wa mistari 15 ni 180. Halafu si suala la kazi tu. Kila mstari ulioongezwa ni mstari unaoweza kupotea, kutetemeka au kuhama mahali pake, na mchoraji anayeogopa kuupoteza huacha kumgeuza mhusika. Ndiyo maana wahusika wengi warembo wa anime, yaani katuni za Kijapani, husimama wakaongea midomo tu. Shinnosuke, mtoto mhusika mkuu wa Crayon Shin-chan, ni kiazi chenye nyusi. Kiazi unaweza kukizungusha upande wowote, ukakivuta, ukakikandamiza, na bado ni yeye. Filamu ya Shin-chan ya 1996, ile ya Henderland, ina mbio za kupanda mnara wa kasri karibu na mwisho ambazo Yuasa alizichora. Ukizitazama leo unaona karibu kila kitu alichokuja kukifanya baadaye kama mwongozaji.

Mwaka 2004, katika studio ya 4°C, alitoa filamu yake ndefu ya kwanza kama mwongozaji, Mind Game, kutokana na manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) ya Robin Nishi. Humo picha halisi za nyuso za waigizaji wa sauti zinabandikwa ghafla juu ya miili iliyochorwa, rangi zinabadilika bila kuomba ruhusa, na mwishoni watu wanatoroka tumboni mwa nyangumi kwa kukimbia juu ya maji kwa dakika nyingi mfululizo. Ilichukua tuzo kuu ya katuni ya Tamasha la Sanaa za Vyombo vya Habari la Japani. Kwenye kumbi haikuvuma.

Akahamia mifululizo ya televisheni pale studio ya Madhouse: Kemonozume 2006, Kaiba 2008, The Tatami Galaxy 2010. Ya tatu ndiyo ya kusomea namna ya kubana bajeti. Msimulizi anaongea kasi mno, picha za mitaa ya Kyoto zimechukuliwa kwa kamera kisha zikapakwa rangi bapa, na wahusika waliosanifiwa na Yusuke Nakamura mara nyingi hawatembei sana. Masikio yako yanakimbia, kwa hiyo macho yanaamini kwamba picha nayo inakimbia. Fedha ya mwendo inawekwa akiba kwa sehemu chache zinazouhitaji kweli.

Ping Pong, mfululizo wa 2014 kuhusu mpira wa meza, ilikuwa na tatizo la fizikia. Meza ya mchezo ule ina urefu wa mita 2.74. Mpira ukienda mita 15 kwa sekunde unaivuka kwa takriban sekunde 0.18, yaani fremu nne na kidogo. Ukichora kwa kushikilia fremu tatu tatu, mpira utaonekana mara moja, ukibahatika mara mbili. Mtazamaji hatajua nani kapiga nini. Yuasa, aliyechora mwenyewe ubao wa picha (michoro ya awali inayopanga kila tukio) wa vipindi vyote 11, akaipasua skrini vipande kama ukurasa wa manga: hapa kifundo cha mkono, pale kiatu kinachosugua sakafu, pembeni jicho la mpinzani, vyote kwa wakati mmoja. Mpira wenyewe hauna haja ya kuonekana kila fremu, kwa kuwa umeshaona chanzo chake na matokeo yake. Mistari yenyewe inayumbayumba kwa makusudi, kwa kufuata kalamu ya Taiyo Matsumoto aliyeandika manga hiyo. Wapo waliolalamika mwanzoni kwamba imechorwa vibaya. Ningewaomba watazame miguu ya wachezaji: mwili unapohama mguu hadi mguu, uzito unahama nao, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi hii.

Mwaka mmoja kabla, 2013, yeye na Eunyoung Choi walikuwa wameanzisha studio ya Science Saru. Hapa ndipo pana jambo linalowahusu zaidi wanaochora.

Katika mpangilio wa kawaida wa Japani, mwongozaji huchora ubao wa picha, mchoraji mkuu hupanga shoti, yaani kila kipande cha picha kisichokatwa, na kuchora michoro mama, ile inayoitwa genga, msimamizi huisahihisha, kisha mtu mwingine huisafisha na kuchora michoro ya kati, dōga, mwingine hupaka rangi, mwingine huunganisha yote na mandhari. Dōga hulipwa kwa karatasi, malipo madogo, na nyingi hupelekwa nje ya nchi. Mstari unapita mikono mingi, na kila mkono unaupunguza chumvi. Science Saru wakachukua Flash, programu ambayo kwa wengi wetu ilikuwa ya matangazo ya tovuti na michezo ya intaneti, wakaiweka katikati ya mnyororo huo. Mchoraji mkuu bado huchora michoro mama kwa mkono. Mchoraji wa Flash huifuatisha kwa mistari ya vekta, ile ambayo kompyuta huihifadhi kama nukta na mikunjo, kompyuta humsaidia kukokotoa ya kati, yeye huirekebisha, na rangi inaingia kwenye faili hilohilo. Kazi ya watu watatu inafanywa na mtu mmoja anayeuona mwendo wote. Abel Góngora na Juan Manuel Laguna, Wahispania wawili, ni kati ya walioujenga utaratibu huo.

Anayedhani kwamba kompyuta inachora yenyewe ajaribu zoezi hili. Chora mkono wenye urefu wa pikseli 100, bega likiwa limekaa pale pale. Mchoro wa kwanza mkono umening'inia chini. Wa pili umenyooka kwenda upande. Iambie programu ibadilishe umbo la kwanza kuwa la pili kwa fremu 12. Katikati ya safari pima mkono: utakuta karibu pikseli 71. Umenywea. Sababu ni kwamba programu huisogeza kila nukta kwa njia iliyonyooka, wakati kiganja cha mtu hupita kwenye tao. Ukijaribu nusu duara nzima, katikati mkono utazama wote ndani ya bega. Dawa ni kuchora mchoro mama wa tatu katikati, juu ya tao lenyewe, na kama mzunguko ni mkubwa, wa nne na wa tano.

Hitilafu ya pili ni umbo kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Hutokea pale nukta za mchoro wa kwanza zisipojua mwenzao ni nani kwenye mchoro wa pili. Flash, ambayo tangu 2016 inaitwa Adobe Animate, ina alama za umbo, a hadi z, 26 tu; zipange kuanzia kona ya juu kushoto ukizunguka kinyume cha saa, na zifuate mpangilio uleule katika michoro yote miwili. Umbo likihitaji zaidi ya alama chache, tatizo ni umbo: lina mistari mingi mno, ligawe au lipunguze. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mtu aliyelelewa na Shin-chan alielewana na Flash, na kwa nini studio zenye wahusika wa nywele mia moja zisingeweza kuiga kwa urahisi.

Ya tatu haionekani kwenye picha moja moja, lakini ndiyo inayofanya kazi za wanafunzi zionekane zinaelea majini. Programu hugawa umbali sawasawa. Kiganja kinachosafiri pikseli 120 kwa hatua 10 kitapewa 12, 12, 12 mpaka mwisho. Kigawie wewe: 2, 4, 8, 16, 30, 30, 16, 8, 4, 2. Jumla ni ileile 120, lakini sasa kuna kuanza, kuna nguvu, kuna kusimama. Mhusika akipiga kitu, kata mkia wa mwisho kabisa, asimame ghafla baada ya 30.

Matunda ya mtambo huu yalitoka 2017 kwa mkupuo: Night Is Short, Walk On Girl mwezi Aprili, na Lu Over the Wall mwezi Mei, filamu mbili ndefu ndani ya wiki sita. Lu ilipata tuzo kuu ya filamu ndefu kwenye tamasha la katuni la Annecy, Ufaransa. Humo maji ya bahari hunyanyuliwa vipande vya mchemraba, ya kijani, kama jeli iliyokatwa kwa kisu. Ni uamuzi wa mchoraji: badala ya kuchora povu na matone, ambayo huhitaji wachoraji wengi, maji yamepewa kingo ambazo mstari unaweza kuzishika. Januari 2018 ikafuata Devilman Crybaby, vipindi 10 vya Netflix, ambapo uchache huohuo wa mistari unatumika kwa damu na hofu. Nadhani kasi ilianza kumgharimu baada ya hapo. Japan Sinks ya 2020 ina shoti ambazo mistari michache inaonekana tu kama kazi haijaisha, wahusika wanatembea bila uzito. Eizouken ya mwaka huohuo, kuhusu wasichana watatu wanaotengeneza katuni shuleni, imesimama imara zaidi. 2020 ndio mwaka alioachia urais wa studio.

Ukitaka kuyaona haya mwenyewe, tumia VLC, programu ya kutazamia video: simamisha, kisha bonyeza herufi E, kila bonyezo fremu moja. YouTube, ukiwa umesimamisha, alama ya nukta hupeleka mbele na mkato hurudisha nyuma. Hesabu mchoro unakaa fremu ngapi kabla haujabadilika. Faili likiwa limegeuzwa kuwa fremu 30 kwa sekunde, utakuta fremu moja ya ziada kila baada ya nne, na hesabu yako itaharibika. Tafuta la 24. Ukitazama kwenye televisheni, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo, kwa kuwa hutunga picha ambazo hakuna mtu aliyezichora.

Anza na Inu-Oh, iliyoonyeshwa kwanza kwenye tamasha la filamu la Venice 2021, habari za wasanii wawili wa Japani ya karne ya 14, mpiga biwa (ala ya nyuzi ya Kijapani) kipofu na mcheza ngoma aliyezaliwa na maumbile ya ajabu. Mcheza ngoma huyo ana mkono mmoja mrefu kupita kiasi. Ule mkono uliokuwa ukirefuka kwa fremu mbili tatu tangu enzi za Shin-chan, safari hii umo kwenye hadithi yenyewe, na kadiri anavyocheza, mwili wake unabadilika hatua kwa hatua. Dunia ya kipofu nayo imechorwa kwa madoa ya rangi yanayowaka pale sauti inapotokea. Nyimbo zake ni ndefu, na ukihesabu fremu utaona shoti kadhaa za hadhira zimerudiwa. Ruka hizo, kaa kwenye miguu ya mchezaji.