Chamchela ya baharini: ninavyoikwepa nikiwa na boti nje ya kisiwa cha Misali, Pemba

Tanga mbili ndio msimu wa kuiangalia chamchela, nguzo ya upepo unaozunguka juu ya bahari. Kaskazi imekwisha, kusi haijashika, bahari imelala na maji yana joto. Asubuhi umande, yaani upepo wa nchi kavu, unaotoka Pemba hukutana na upepo wa bahari, na pale zinapokutana pepo hizo mawingu hujipanga mstari. Nikiona mstari una tumbo jeusi bapa na vichwa vinapanda haraka, siiachi dira mbali. Utabiri hutaja upepo mkali na mawimbi. Chamchela ni ndogo mno kwake, nyingi huisha ndani ya dakika 20.

Wengi hukodolea macho mkonga unaoning'inia mawinguni. Mimi hutazama maji. Kwanza hutokea doa la mviringo lenye rangi tofauti, halafu michirizi hulizunguka, halafu pete ya povu na rasharasha. Pete ikishatokea, upepo umeshagusa bahari na unaweza kupindua ngalawa, hata kama baina ya mkonga na maji unaona hewa tupu.

Hapo wavu naufunga boya na kuuacha. Kuuvuta kunakula muda, na boti iliyofungwa na wavu haigeuki. Wote tunavaa jaketi, tunakaa chini katikati ya boti. Wenye tanga walitue mapema na kulifunga kwenye foromali, boriti inayoshika tanga.

Kisha napima kwa dira. Kama baada ya dakika moja au mbili mwelekeo wake haujabadilika na inazidi kunenepa, inatujia. Ikisogea kushoto au kulia, itapita. Ikija, nakata pembe mraba na njia yake, nikichagua upande wenye maji ya kina, si wa miamba. Kosa la kawaida ni kuikimbia ikiwa nyuma moja kwa moja: unabaki kwenye njia yake ile ile. Kosa jingine ni kuzima mashine ili watu wasome dua. Someni, lakini mashine iwake. Na kuikaribia kwa ajili ya video ni upumbavu, sina neno jingine.

Ikianza kuwa nyembamba na kupinda, mara nyingi mvua ya baridi ya wingu lile lile imeifikia. Watu hushangilia, wakatweka tanga. Mimi husubiri, kwa sababu mvua hiyo hushuka na upepo wa ghafla unaosambaa pande zote, na radi zinaweza kufuata. Omo, yaani mbele ya boti, nauelekeza kwenye upepo, mashine taratibu, mmoja anafua maji yaliyoingia. Wenye redio ya VHF wawape wengine habari kupitia chaneli 16, ya wito na dharura baharini.

Ikipanda pwani kwa kawaida hufa upesi, ila kabla ya hapo hurusha mabati na kuvua makuti. Wakulima wa mwani watoke majini mara waonapo pete, waache kamba na vigingi, waingie nyumba ya mawe, mbali na madirisha. Banda la makuti halisitiri kitu.