Tangawizi yangu iliacha kuoza tulipokaa kikao

Misimu miwili mfululizo tangawizi yangu hapa milimani Same ilioza. Majani yanageuka njano kuanzia nchani, ukivuta shina linachomoka lenyewe, na chini tangawizi imekuwa uji unaonuka. Nilinunua dawa, nikapiga peke yangu, pesa ikapotea: maji ya mfereji yalipitia kwanza kwa jirani wa juu, naye alikuwa na ugonjwa uleule.

Nikawaita wote tunaotumia mfereji huo. Tukakubaliana shina likiugua ling'olewe siku hiyohiyo na kuchomwa, mbegu itoke shamba safi tu, tena tuikague pamoja, na palipooza tupande mahindi. Kilichobishaniwa zaidi ni mbegu, maana ni ghali. Msimu huu nimepoteza mashina machache mno.