Kisutu cha mama mkwe na picha yetu ya familia

Baba mkwe alipofariki tulitafuta picha yake ya kuweka sebuleni tukakosa. Iliyopatikana ni pasipoti saizi ya kitambulisho, uso kaukaza. Za zamani zilikuwepo, lakini nyumba yao ya Dunda, Bagamoyo, ni ya mawe ya matumbawe, ukuta unatoa chumvi, na albamu iliyokaa miaka kwenye shubaka ilikuwa imegandamana yote. Tulipojaribu kuibandua, nyuso zilibaki kwenye nailoni. Siku ile nilisema moyoni kwamba kwa mama halitatokea hilo.

Idi ya kuchinja ndugu wote hurudi Bagamoyo, nikaona ndiyo nafasi. Mpiga picha nilimpata mapema. Kilichonisumbua ni mavazi, na kila niliyemwuliza alinijibu neno moja: sare. Wifi yangu akaongeza, "Wifi, chukua kitenge kimoja tushone wote, tutapendeza." Shoga yangu mmoja yeye alisema fulana nyeupe na jinzi, kwa watu wanane akiwemo mama wa miaka sabini na ushee anayejifunga kanga tangu azaliwe! Lile la jinzi nililipita. La kitenge nikalifuata, na mpaka leo linaniuma.

Nilikwenda Kariakoo nikachagua bluu kali yenye miduara mikubwa ya machungwa. Pisi tano. Fundi wa Magomeni, ya hukuhuku Bagamoyo, akatushonea magauni, mashati na kigauni cha mtoto wa miaka miwili. Pamoja na ushonaji ilikaribia robo milioni. Siku ya pili ya Idi, saa tatu asubuhi, tukajipanga ufukweni, bahari nyuma yetu.

Kosa la kwanza lilikuwa jua. Huku kwetu bahari iko mashariki, kwa hiyo asubuhi ukiipa mgongo, jua linakuwa nyuma yako na uso unakuwa giza. Mpiga picha akawasha mwanga wa kamera, nyuso ziking'aa kama zimepakwa mafuta. Akatugeuza tuelekee baharini, wote tukafumba macho. Hilo lingeweza kurekebishwa. Kitenge hakikurekebishika.

Alipotufungulia picha kwenye kompyuta niliziangalia moja moja, nikazirudia. Ilikuwa bluu moja kutoka ukingo hadi ukingo, na vichwa vinane juu yake. Huwezi kusema bega la nani linaishia wapi. Mtoto alikuwa amepakatwa na bibi yake. Gauni lake na la bibi vilishikana, ukaonekana uso mdogo tu katikati ya kitambaa. Kwenye shati la mume wangu duara moja la machungwa lilikaa katikati ya tumbo, na jicho linakwenda pale kabla ya kwenda kwenye uso wake, kila picha, kila mkao. Mimi nilikuwa nayo mawili, moja kila upande wa kifua. Fundi hana lawama, kwa sababu sikumwambia apange maua.

Mama mkwe akavaa miwani, akasogea karibu na kioo. Akauliza, "Mwanangu, mbona mimi simo?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Alikuwa amekaa wima, mikono kaikunja magotini kama mgeni. Akatazama kidogo, akasema taratibu, "Niliivaa kwa kuwaridhisha nyie. Mimi ni mtu wa kisutu."

Sikulala usiku ule. Nilikuwa nimetumia pesa zote zile kupiga picha ya mama ambayo yeye mwenyewe hajioni ndani yake. Asubuhi nilimwamkia, nikamwomba kanga yake ya kisutu. Akatoa doti aliyoitunza vizuri, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo wanawake wa pwani wanaijua toka harusini. Nikaitandaza kitandani. Shemeji alikuwa anaondoka baada ya siku tatu, muda wa fundi haukuwepo, kwa hiyo nguo zote zilipaswa kutoka makabatini mwetu.

Hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuambiwa na yeyote. Badala ya kuanza na rangi unayoipenda, anza na mtu ambaye hawezi au hataki kubadilika, uwatafutie wengine rangi za kukaa naye. Nikaleta nguo za kila mmoja, nikaziweka juu ya kitanda pembeni ya kisutu, moja moja. Maua yakawa ya mama peke yake. Sisi wengine tukavaa rangi tupu zilizopoa: mimi dera la rangi ya damu ya mzee, mume wangu kanzu ya kahawia na kofia ya kiua, shemeji shati la kijivu, wifi baibui lake jeusi na mtandio wa rangi ya mchanga. Mtoto nikamvalisha gauni la rangi ya maziwa, maana alikuwa atakaa mapajani pa bibi na nilitaka atoke kwenye ule wekundu aonekane mzima, mpaka miguu.

Kanzu nyeupe ya mume wangu niliikataa, naye alinuna kidogo. Lakini tulikuwa tumepanga kusimama kwenye kuta za Ngome Kongwe, na zile kuta ni za chokaa. Nyeupe mbele ya nyeupe mtu anapotea, na jua likiipiga kanzu hutaona hata mikunjo yake. Shati lake la mistari myembamba nilikuwa nimelijaribu kwa simu, likatoa mawimbi yanayotembea kifuani. Mistari ya namna hiyo msiipeleke mbele ya kamera.

Simu ndiyo iliyonisaidia kuliko ushauri wa watu. Nilipiga picha nguo zote pale kitandani, halafu nikaigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Nguo mbili zikitoka kijivu kilekile, wenyewe wasikae bega kwa bega. Dera langu na kanzu ya mume wangu zilitoka sawasawa kabisa, ingawa kwa macho ni rangi mbali. Tukatenganishwa, mama katikati yetu. Nikaigeuza vivyo hivyo ile picha ya kitenge, na ilikuwa kijivu kimoja tu. Laiti ningejua kabla ya Kariakoo!

Kijana wangu mkubwa aling'ang'ania jezi ya Yanga. Kijani na njano kando ya kisutu, hapana. Nikamwahidi picha moja ya peke yake na jezi mwishoni, akakubali kuvaa shati la mtumba la rangi ya udongo nililompatia sokoni kwa elfu kadhaa. Ahadi niliitimiza, na picha ile ni nzuri sana. Mdogo wake wa kike alivaa gauni la kijivu alilokuwa nalo, hakuna la kusimulia.

Upepo ulikuwa wa kusi, na dera kwenye kusi linapanda kama tanga. Nilifumua upindo nikatia sarafu za mia mbili, nne mbele na nne nyuma, nikashona tena. Likatulia. Mtandio wa wifi tuliubana kwa pini ndani, upande usioonekana. Nguo zilikwenda kwenye henga, si kwenye mfuko, na miguuni wote makubazi, maana ukikaa kwenye ngazi za mawe kamera inaona miguu kwanza.

Tulikwenda saa kumi na nusu, baada ya Alasiri. Mwezi wa sita jua linazama saa kumi na mbili na robo hivi, kwa hiyo tulikuwa na zaidi ya saa nzima ya mwanga laini unaotoka bara, unapiga uso bila kuumiza macho. Mpiga picha, Mungu ambariki, alichukua nusu ya bei.

Mama alijifunga kisutu kama anavyojifunga kila siku, kingine kichwani. Hakuna aliyemwambia akae vipi. Alimpakata mjukuu, akamwinamia kumrekebisha gauni, na hiyo ndiyo picha tuliyoichapisha kubwa. Unamwona kila mtu, na jicho linaanza kwa mama.

Safari hii nimechapisha tatu: moja ya shemeji, moja ya wifi, moja ya pale Dunda. Fremu ya Dunda nimeitundika ukuta wa ndani, mbali na ule unaotoa chumvi, na nyuma yake nimebandika vipande vya kizibo ili isigusane na chokaa. Chini yake ipo ile ndogo ya baba.